Askari Akiua Raia: Mwongozo kwa Familia za Iringa, Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake, akiwa amezingirwa na askari polisi. Alikuwa kazini, akifuatilia ufunguzi wa tawi la CHADEMA. Julai 2016 Mahakama Kuu iliyoketi Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Kutoka kifo hadi hukumu ilipita karibu miaka minne. Iweke hesabu hiyo kichwani, maana tutairudia kwenye suala la fidia.

Mwongozo huu ni kwa familia ambayo ndugu yao ameuawa na polisi, mwanajeshi, askari magereza au askari wa hifadhi. Watu wa Mbarali wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha wanajua kwa nini nimewataja hao wa mwisho. Nimeuandika kwa sababu naona familia nyingi zikiingia msibani zikiamini kwamba serikali itachunguza na wao wataitwa tu kusikiliza. Hawaitwi. Mambo mengi ambayo hakimu au jaji atayahitaji miaka mitatu baadaye hupotea katika wiki ya kwanza, na wenye uwezo wa kuyazuia yasipotee ni wafiwa wenyewe.

Sheria inasema nini, kwa ufupi

Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai hairuhusu askari anayemkamata mtu kutumia nguvu kuliko inavyohitajika. Kitendo kinachoweza kuua hakiruhusiwi ila pale anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba bila hicho maisha ya mtu yatapotea au mtu ataumizwa vibaya. Kwa hiyo maneno "alikuwa anakimbia" au "alikuwa jambazi" hayatoshi kumwondolea askari hatia. Mahakama itauliza kama kulikuwa na hatari kweli, kama marehemu aliamriwa kusimama, na kama kulikuwa na njia nyingine.

Kanuni ya Adhabu haina kosa maalumu la "askari kuua". Askari hushtakiwa kama mtu mwingine yeyote: kwa mauaji ya kukusudia, ambayo adhabu yake ni kunyongwa na mtuhumiwa hana dhamana, au kwa kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Namba za vifungu sitaziweka hapa kwa makusudi. Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limepanga upya baadhi yake, na nakala za zamani zilizosambaa kwenye simu zitakupoteza.

Hatua ya kwanza: msizike kabla mwili haujachunguzwa

Hapa nitakaa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa kuwa hapa ndipo familia nyingi hupoteza kesi.

Mwili unapokuwa mochwari, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au hospitali ya wilaya, shinikizo la kuzika huja kutoka pande mbili. Upande mmoja ni sisi wenyewe: wageni wameshafika, mahema yamefungwa, wazee wanasema marehemu asicheleweshwe. Upande wa pili ni maofisa wanaokuja na pole, jeneza, gari la kusafirisha mwili na fedha za rambirambi. Kupokea rambirambi si kosa na hakufuti haki yenu. Lakini msisaini karatasi yoyote inayosema familia imeridhika na chanzo cha kifo, au kwamba haihitaji uchunguzi, au kwamba jambo limemalizwa kindugu. Ukiletewa karatasi, omba nakala, sema mtaisoma na wakili, uiweke mfukoni.

Kaeni kikao cha ukoo siku hiyohiyo na mchague mtu mmoja wa kufuatilia. Awe mtulivu, ajue kuandika vizuri, na asiwe anategemea kibarua cha serikali kinachoweza kutumiwa kumnyamazisha. Mtu huyo ndiye atakayepeleka barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, na nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya, ikiomba mambo haya: mwili ufanyiwe uchunguzi kamili wa ndani na nje, upigwe eksirei ili kujua kama kuna risasi au vipande vilivyobaki, daktari mwingine anayeaminiwa na familia aruhusiwe kushuhudia, ndugu wawili waruhusiwe kuuona na kuupiga picha mwili kabla na baada, na familia ipewe nakala ya taarifa ya uchunguzi. Wakikataa ombi lolote kati ya hayo, waombeni wakatae kwa maandishi. Hata wasipoandika, barua yenu yenye mhuri wa kupokelewa inabaki kuwa ushahidi kwamba mliomba.

Mnapopiga picha, pigeni kwanza mwili mzima, kisha kila jeraha kwa karibu likiwa na rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Picha ya mgongo ni muhimu sana: tundu la risasi lililoingilia mgongoni linajibu hadithi ya "alitushambulia" kuliko shahidi yeyote. Nguo alizovaa msizifue wala kuzichoma. Zikaushwe kivulini, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, na aliyezipokea aandike jina lake na tarehe. Polisi wakizihitaji, wazichukue kwa hati ya kupokea vielelezo iliyosainiwa na pande zote mbili.

Kama mmeshazika, mlango haujafungwa. Mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe. Ni jambo zito kwa mila zetu, Wanyakyusa kwa Wahehe, na sitajifanya ni jepesi. Mifupa iliyopasuka kwa risasi hubaki na alama kwa muda mrefu, kwa hiyo msikate tamaa kwa kuwa wiki kadhaa zimepita.

Hatua ya pili: eneo la tukio na mashahidi

Pigeni picha eneo la tukio mchana, kwa pembe nyingi, na kitu kinachotambulika kwa nyuma: mti, duka, kibao cha shule. Ganda la risasi au kopo la bomu la machozi mkiliona, lipigeni picha lilipo kabla ya mtu kulisogeza. Ni vizuri mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji awepo na aandike kwamba ameona.

Video za simu ni silaha ya familia, lakini huharibiwa kirahisi na nia njema. Video iliyorushwa WhatsApp mara kumi imeshabanwa na haionyeshi tena ni ya nani na ya lini. Simu iliyorekodi itunzwe, video ya asili isikatwe wala kuongezewa maandishi, na nakala zake ziwekwe sehemu mbili tofauti. Aliyerekodi ndiye shahidi, kwani sheria ya miamala ya kielektroniki inataka mahakama ijue kielelezo kilitengenezwa na kutunzwa vipi. Katika tukio la Nyololo, picha za waandishi waliokuwepo zilionyesha Mwangosi akiwa katikati ya askari muda mfupi kabla ya kifo chake. Bila picha zile, maelezo ya awali yaliyokuwa yanatolewa kuhusu kilichomuua yangeweza kusimama.

Andikeni majina ya mashahidi na walichokiona, kila mmoja peke yake, kabla hawajaanza kusimuliana. Muulizeni kila mmoja vitu vidogo: namba ya gari, rangi ya sare, cheo begani, jina lililosikika likiitwa, na nani alikuwa akitoa amri. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, na nitaeleza kwa nini. Shahidi anayeogopa asilazimishwe wala asitajwe mitandaoni. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ingawa kwa maoni yangu ulinzi wa kweli wa shahidi wa kijijini ni kutojulikana mpaka siku anapoitwa kizimbani.

Hatua ya tatu: fungueni jalada, kisha pandeni ngazi

Taarifa ya mauaji hufunguliwa polisi, hata kama muuaji ni polisi. Najua inavyouma kwenda kumshtaki mtu kwa wenzake. Nendeni watu watatu, mmoja awe wakili au msaidizi wa kisheria, na msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo. Ikiwa kituo husika ndicho kinachotuhumiwa, pelekeni malalamiko ya maandishi moja kwa moja kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, nakala kwa Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai.

Barua ya muhimu kuliko zote iende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambayo ina ofisi mikoani. Mkurugenzi wa Mashtaka, aliyetajwa katika Ibara ya 59B ya Katiba, ndiye anayeamua nani ashtakiwe, na ana mamlaka ya kuelekeza jambo fulani lichunguzwe. Andikeni tukio kwa mtiririko wa saa, orodhesheni vielelezo mlivyonavyo bila kukabidhi vya asili, na muombe mpelelezi atoke nje ya kituo na wilaya inayotuhumiwa.

Wakati huohuo ombeni uchunguzi wa kifo mahakamani chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980. Hapa hakimu, si polisi, ndiye anayeuliza marehemu alikufaje. Hufaa zaidi kwa kifo cha mahabusu au pale upelelezi unapozunguka. Mtu akishashtakiwa kwa mauaji hayo, uchunguzi huo husimama na kuiachia nafasi kesi ya jinai.

Sasa suala la amri. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa katika msitu wa Pande, nje ya Dar es Salaam. Maofisa wa polisi walishtakiwa, akiwemo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mahakama Kuu iliwaachia wote mwaka 2009. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani Christopher Bageni, mmoja wa maofisa hao, na kumhukumu kunyongwa, Zombe aliachiwa. Askari aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi hakuwepo kizimbani kabisa, alikuwa ametoroka. Bageni alipatikana na hatia kwa sababu alikuwa kiongozi wa kikosi kile eneo la tukio. Sheria inamhesabu aliyesaidia au kushawishi kosa kuwa mkosaji sawa na aliyelitenda. Linganisha na Nyololo, ambako aliyepanda kizimbani alikuwa askari mmoja wa cheo cha chini. Tofauti kubwa iko kwenye ushahidi wa nani aliamuru nini, na ushahidi huo hukusanywa kwa kuwauliza mashahidi mapema. Familia ikiandika tu "polisi walimpiga risasi", mpelelezi hatakuwa na haraka ya kuongeza majina.

Kesi za karibuni zinaonyesha kwamba ngazi za juu hufikika. Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu kunyongwa maofisa wawili wa polisi kwa kifo cha mfanyabiashara wa madini Mussa Hamis cha Januari 2022, akiwemo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya. Wengine watano waliachiwa.

Kwa mwanajeshi wa JWTZ, msikubali kuambiwa kwamba "jeshi litamshughulikia lenyewe". Jeshi lina mahakama zake kwa makosa ya nidhamu, lakini askari aliyemuua raia mtaani anashtakika mahakama za kiraia. Kijana Swetu Fundikira alipouawa Dar es Salaam mwaka 2010, wanajeshi watatu walisimamishwa mbele ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo jalada la polisi lifunguliwe vilevile, na mkuu wa kambi aandikiwe barua ya kumtaka awatambue na kuwakabidhi wahusika.

Hatua ya nne: fidia, na saa inayokimbia

Kesi ya jinai iko mikononi mwa Jamhuri. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiondoa mahakamani na familia isiwe na la kufanya. Kesi ya madai ni yenu, na kiwango chake cha kuthibitisha ni cha chini: mnahitaji kuonyesha kwamba inaelekea zaidi kuwa askari aliua isivyo halali akiwa kazini. Serikali hubeba dhima ya makosa ya watumishi wake chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali.

Kosa linalorudiwa sana ni kusubiri hukumu ya jinai kwanza. Rudi kwenye ile miaka minne. Sheria ya Ukomo, inayoweka mwisho wa muda wa kufungua kesi, inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara ya kawaida, na mwaka mmoja tu kwa fidia ya kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria. Mawakili wa Serikali watasema askari alikuwa anatekeleza sheria, hivyo mwaka mmoja ndio unaotumika. Familia inayosubiri hukumu kwa miaka minne itakuta milango yote miwili imefungwa. Ushauri wangu ni kuchukulia kwamba mna mwaka mmoja tangu siku ya kifo, basi. Waziri wa sheria ana mamlaka ya kuongeza muda kwa kiasi kisichozidi nusu yake, lakini msijenge mpango juu ya huruma hiyo.

Ndani ya mwaka huo kuna mambo mawili yanayokula muda. La kwanza ni mirathi. Madai ya kifo hufunguliwa na msimamizi wa mirathi ya marehemu kwa niaba ya mjane, watoto na wazazi waliomtegemea. Nendeni Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo mapema, hata kama marehemu hakuacha mali yoyote ya maana. La pili ni notisi ya siku 90. Huwezi kuishtaki Serikali bila kuipa kwanza notisi ya maandishi inayoeleza tukio, madai na kiasi, kwa wizara au taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha, kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, hata kama mnaishtaki mamlaka ya hifadhi. Kumwacha nje kunaiua kesi.

Kusanyeni uthibitisho wa kipato mapema: hati za mauzo ya chai au viazi, taarifa za M-Pesa, leseni ya bodaboda, ada za shule alizokuwa analipa. Jaji hawezi kukadiria pengo la mtu ambaye maisha yake hayapo kwenye karatasi.

Neno moja kwa waliofiwa katika matukio ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025. Rais aliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kutoa ushahidi mbele ya tume si kufungua kesi, na siku za ukomo hazisimami kwa sababu tume inakaa. Kwa kipimo cha mwaka mmoja, mwisho ni 29 Oktoba 2026, maana yake notisi iwe imepokelewa kabla Julai 2026 haijaisha.

Ndugu akichukuliwa na mwili usionekane

Zungukeni vituo vyote, mahabusu na mochwari, na kila mnapokwenda andikeni tarehe, saa na jina la aliyewajibu. Kisha wakili apeleke maombi Mahakama Kuu, Mbeya au Iringa, ya kuamuru aliyemshikilia amlete mahakamani. Maombi haya ni ya haraka. Hata yasipomleta ndugu yenu, humlazimisha ofisa kuapa kwa maandishi kwamba hanaye, na kiapo cha uongo kinaweza kumrudia. Kisheria mtu huchukuliwa kuwa amekufa baada ya miaka mitano bila kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake.

Milango mingine

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao yake makuu Dodoma, hupokea malalamiko bila malipo. Ilichunguza tukio la Nyololo na kubaini kwamba polisi walikiuka haki za binadamu. Haihukumu mtu, inatoa mapendekezo, lakini ripoti yake ni kielelezo kizuri. Iandikieni mapema, kwa kuwa haichunguzi jambo lililo mahakamani.

Shauri la haki za msingi linafunguliwa Mahakama Kuu. Tangu 2020 mlalamikaji lazima aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi, jambo linalowazuia wanaharakati wa mbali. Mjane au mzazi hana tatizo hilo.

Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha haipokei tena kesi mpya za watu binafsi dhidi ya Tanzania, kwani Serikali iliondoa tamko lake Novemba 2019 na uamuzi ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki, hapohapo Arusha, bado iko wazi na haidai mmalize kwanza mahakama za ndani, ila muda wake ni miezi miwili tu tangu tukio au tangu mlipolijua. Tume ya Afrika iliyoko Banjul, kinyume chake, inataka kwanza mpitie mahakama za nyumbani.

Kwa gharama za wakili, anzeni na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, matawi ya Chama cha Wanasheria Tanganyika, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nendeni na faili moja: ukurasa wa mbele uwe na tarehe ya kifo, tarehe ya miezi miwili, tarehe ya mwisho ya kupeleka notisi na tarehe ya mwaka mmoja, nyuma yake nakala za kila barua yenye mhuri, namba ya RB, taarifa ya daktari na orodha ya vielelezo. Wakili akiiona faili hiyo ataweza kuwaambia siku hiyohiyo kama atawabeba au awaelekeze kwa mwingine. Nakala ya pili ya faili ikae nyumba nyingine, kwa ndugu ambaye hajajitokeza popote kwenye kesi.